Pampu ya joto: kwanza hesabu lita unazooga

Mwenyekiti, akina mama na akina baba, majirani wa mitaa ya jirani mliofika, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: habari za jioni.

Mmetuita tuzungumzie pampu za joto kwa sababu vipeperushi vimejaa mageti yote, na kila kimoja kinaahidi bili ya umeme itashuka kwa zaidi ya nusu. Kuna nyumba ambazo ahadi hiyo ni kweli tupu. Kuna nyumba nyingine ambazo mtambo huo hautarudisha bei yake hata ukizeekea ukutani. Nyumba hizo zinatofautiana kwa mambo mawili: lita za maji moto zinazotumika kwa siku, na kifaa kinachoyapasha maji hayo sasa hivi. Chapa ya mtambo huja baadaye sana. Ndiyo maana jioni hii tutapiga hesabu nyingi, na tunaomba yeyote mwenye simu afungue kikokotoo tuende pamoja.

Kwanza namna inavyofanya kazi. Kila mmoja hapa anaijua friji. Ndani ni baridi, lakini ukiweka mkono nyuma yake au ubavuni unakuta joto. Lile joto limetolewa kwenye maziwa na mboga zako, likabebwa hadi nje ya kabati. Pampu ya joto ni mtambo uleule, ila safari hii tunalitaka lile joto la nyuma. Badala ya kulitoa kwenye mboga, inalitoa kwenye hewa ya nje na kulimwaga ndani ya tangi la maji.

Ndani yake kuna vitu vinne na gesi inayozunguka. Kuna koili baridi yenye feni, ambayo hewa ya nje hupita juu yake. Kuna kompresa. Kuna koili moto, ambayo kwenye mitambo mingi ya nyumbani imezungushwa nje ya tangi la maji chini ya povu la kuhifadhi joto. Na kuna vali nyembamba inayoshusha shinikizo. Siri yote iko kwenye shinikizo. Chukua gesi iitwayo R134a. Ikiwa kwenye shinikizo la takriban bar 3.5, inachemka kwenye nyuzi 5 tu. Hewa ya Nairobi ya nyuzi 17 kwake ni moto wa kutosha kuichemsha, na inapochemka inameza joto la hewa hiyo. Kompresa inaivuta, inaikandamiza hadi karibu bar 17, na hapo gesi hiyohiyo inarudi kuwa kioevu kwenye nyuzi 60. Inapogeuka kioevu inaachilia joto lote ililomeza, pamoja na joto la kazi ya kompresa, na maji yanalipokea. Kioevu kinapita kwenye vali, shinikizo linaanguka, kinapoa, safari inaanza upya.

Kwa hivyo umeme unaoulipia hapa ni ujira wa mwenye mkokoteni. Mzigo wenyewe, yaani joto, umeokotwa bure hewani. Kwenye hita ya kawaida ya tangi, uniti moja ya umeme inatoa uniti moja ya joto, haizidi kamwe. Kwenye pampu ya joto, uniti moja ya umeme inaleta uniti tatu za joto ndani ya maji, wakati mwingine tatu na nusu. Uwiano huo ndio unaoandikwa COP kwenye kibandiko cha mtambo.

Hapo kwenye kibandiko pana mtego. Kadiri unavyotaka maji ya moto zaidi, na kadiri hewa inavyokuwa baridi, ndivyo kompresa inavyofanya kazi kubwa na uwiano unavyoshuka. Mtengenezaji anayetangaza 4.5 huenda alipima hewa ikiwa nyuzi 20 au zaidi na maji yakiishia nyuzi 45. Muulize muuzaji: hewa ilikuwa nyuzi ngapi, maji yalianza nyuzi ngapi, yakaishia ngapi? Akibabaika, tumia 3 kwenye hesabu zako, na hivyo ndivyo tutakavyofanya jioni hii yote.

Je, hali ya hewa yetu inafaa? Inafaa kuliko ya wengi wanaoitumia. Wanorwe wanapasha nyumba zao kwa mitambo hii huku nje kukiwa na theluji. Sisi mchana tuko nyuzi 22 hadi 26 karibu mwaka mzima, na hata alfajiri za Julai hapa mjini ni nadra kushuka chini ya 10. Mwinuko unatupunguzia kidogo: tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 18 kuliko ya Mombasa, kwa hiyo feni inasukuma hewa ileile kwa ujazo lakini yenye joto pungufu ndani yake. Mtambo utachelewa kidogo kuliko maandishi ya kitabu. Walioko Limuru na Tigoni wataona pia ukungu wa barafu kwenye koili asubuhi za baridi. Mtambo wenye kazi ya kujiyeyusha utaushughulikia wenyewe. Usiumwagie maji ya moto, na usiukwangue kwa kisu, maana mapezi ya alumini yanapinda na koili inaweza kutoboka.

Sasa kikokotoo. Kupasha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji wati-saa 1.16 (uniti moja ni wati-saa 1,000). Tukumbuke namba hiyo tu, mengine yote yanatoka humo. Bei ya umeme nitaichukulia shilingi 28 kwa uniti, kodi na ada zikiwa ndani. Yako unaweza kuijua sasa hivi: fungua ujumbe wa tokeni ya mwisho, gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata. Anayetumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi yuko kwenye daraja la juu la bei, na karibu kila mwenye hita ya tangi yuko huko.

Nyumba ya kwanza: familia ya watu watano Lang'ata, tangi la lita 200 linalopashwa kwa elementi ya umeme, na maji yote yanaisha kila siku. Maji yanaingia yakiwa nyuzi 20, yanapashwa hadi 55. Lita 200 mara nyuzi 35 mara 1.16 ni uniti 8.1 za joto. Tangi lenyewe hata likikaa tu hupoteza joto, tuseme uniti 1.8 kwa siku. Jumla karibu uniti 10. Kwa elementi, hizo ni uniti 10 za umeme, shilingi 280 kwa siku. Kwa pampu ya joto ni 3.3, yaani shilingi 92. Umeokoa zaidi ya shilingi 180 kwa siku, kama 5,500 kwa mwezi. Tuseme mtambo na ufungaji ni shilingi 200,000, nami nasema tuseme kwa sababu bei mtaletewa na wauzaji wenu: pesa imerudi kwa miaka mitatu. Familia hiyo ikitumia lita 120 tu badala ya 200, ni miaka minne na nusu hivi. Bado ni biashara nzuri.

Nyumba ya pili: familia ya watu wanne Umoja, vyumba viwili, shawa ya umeme ile mnayoiita instanti, kilowati 5.5. Kila mtu anaoga dakika nane. Dakika 32 kwa siku ni uniti 2.9, shilingi 82. Mkiweka pampu ya joto na kutumia maji yaleyale, joto linalohitajika ni 2.9, ongeza 1.8 linalopotea kwenye tangi ambalo zamani hamkuwa nalo, gawanya kwa tatu: uniti 1.6, shilingi 44. Akiba ni shilingi 38 kwa siku, shilingi 1,140 kwa mwezi. Gawanya laki mbili kwa hizo. Ni zaidi ya miaka 14, na kompresa ya bei nafuu inaweza kufa kabla ya hapo.

Tena kuna jambo ambalo vipeperushi havisemi. Shawa ya kilowati 5.5 inatoa lita nne tu kwa dakika maji yakiwa nyuzi 40; ndiyo maana yanachuruzika. Ukiweka tangi, bomba linatoa lita nane, na hakuna binadamu anayeoga kwa lita nne akiwa na nane. Matumizi yanakuwa maradufu, na ile akiba ya shilingi 38 inabaki kama shilingi 10. Hapo unanunua raha. Ni haki yako kuinunua, lakini usiiite akiba ya umeme, na usiichukulie mkopo wa chama.

Kwa hivyo mwenye instanti na familia ndogo, baki nayo. Safisha matundu ya kichwa cha shawa, hakikisha waya wake ni wa milimita za mraba 6 na una ardhi ya kweli, basi. Pampu ya joto ni ya nyumba ambayo tayari inachoma umeme kwenye tangi kila siku, au inayotumia lita 120 na zaidi.

Je, sola? Najua swali hilo linawawasha. Mwenye nyumba yake, paa lake, jua lisilozibwa na ghorofa la jirani, aanze na sola ya maji. Mwezi wa Januari haiwezi kushindwa na chochote. Tatizo linakuja Juni hadi Agosti, wingu likikaa juu ya mji wiki nzima, na kila mtu anawasha elementi ya akiba iliyo ndani ya tangi la sola. Wengi wanaiwasha mwezi wa sita na kuisahau hadi Desemba, kisha wanasema sola haisaidii. Weka swichi yake karibu na mlango wa bafu, yenye taa nyekundu, si kule juu ya dari. Sola ya mirija ya kioo ina hatari nyingine: siku ya jua kali nyumba ikiwa tupu, maji yanafika nyuzi 90 na zaidi, na bomba za plastiki za PPR hazikuumbwa kwa joto la namna hiyo. Pampu ya joto inasimama yenyewe kwenye 55 au 60.

Palipo na ghorofa nyingi na paa moja linalogombaniwa na matangi, antena na kamba za nguo, kama Ruaka au Kilimani, pampu ya joto inashinda kwa sababu haihitaji jua. Inahitaji hewa tu. Na aliye na paneli za umeme wa jua tayari, mambo yake ni mazuri zaidi. Kompresa ya tangi la lita 200 hula wati 700 hadi 900. Weka saa yake iwake kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri: paneli zinatoa, hewa ni ya joto, uwiano uko juu, na jioni tangi limejaa. Hata asiye na paneli aweke saa hiyohiyo. Kuwasha saa kumi alfajiri Julai ni kuchagua hewa mbaya kuliko zote.

Gesi ya mtungi pia inafaa kulinganishwa. Mtungi wa kilo 13 una takriban uniti 166 za joto. Hita nzuri ya papo hapo inafikisha kwenye maji kama 135. Ukijaza kwa shilingi 3,000, kila uniti ya maji moto ni shilingi 22. Pampu ya joto ni kama shilingi 9. Lakini hita ya gesi haipotezi kitu ikiwa haitumiki, haiogopi umeme kukatika, na bei yake ya kununulia ni ndogo. Sharti moja halina mjadala: isifungwe ndani ya bafu. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyonuka, na unaua mtu akiwa amesimama anaoga.

Tuje kwenye ufungaji, maana hapa ndipo mitambo mizuri inapoharibiwa.

Ukubwa wa tangi kwanza. Shawa ya lita nane kwa dakika kwa dakika nane ni lita 64 za maji ya uvuguvugu, ambazo ndani yake mna kama lita 37 za maji ya nyuzi 55. Kutoka kwenye tangi la 200 utapata lita 160 hivi kabla ya baridi kuchanganyika, yaani watu wanne kwa mfululizo. Watu sita au saba, chukua 300. Usidhani litajipasha haraka katikati: kompresa ya wati 800 inatoa kilowati 2.4 za joto, na tangi zima linachukua saa tatu na nusu.

Mahali pa kuweka. Mtambo unahitaji hewa nyingi na unarudisha hewa baridi. Ukiufungia kwenye stoo ndogo isiyo na dirisha, baada ya saa moja unavuta hewa iliyokwisha kupoa, uwiano unaanguka, na stoo inakuwa friji. Uwanja wa kuanikia nguo nyuma ya jikoni ni mahali pazuri, ukiwa na kijipaa cha kuzuia mvua. Acha nusu mita upande wa kuvuta hewa na angalau mita moja mbele ya feni. Usiuelekeze kwenye dirisha la chumba cha kulala, lako wala la jirani. Sauti yake ni kama ya friji kubwa, na usiku sauti husafiri. Tangi la 200 likijaa na mtambo wake linakaribia kilo 300. Hilo si la kutundika kwenye ukuta wa kugawa vyumba, wala kupandisha juu ya dari ya mbao. Liweke kwenye zege.

Koili baridi inatoa jasho. Msimu wa mvua ni lita kadhaa kwa siku. Liwekee mpira wake hadi kwenye mfereji wa sakafu, wenye mteremko wote njiani. Ugomvi wa majirani wa ghorofa juu ya maji yanayodondoka ni mwingi kuliko ugomvi wa muziki.

Shinikizo la maji. Wengi wetu tunakunywa kutoka tangi la juu ya paa, maana maji ya kaunti yanakuja kwa zamu. Kila mita 10 za kimo ni bar 1. Tangi lililo mita tatu juu ya shawa linakupa bar 0.3 tu. Pampu ya joto itafanya kazi hapo, lakini fundi asifunge vali ya kupunguza shinikizo, na bomba lisiwe na vilima vya kushika hewa. Ukitumia pampu ya kusukuma maji, mambo yanageuka. Maji ya lita 200 yakipashwa kutoka 20 hadi 55 yanaongezeka ujazo kwa lita mbili na nusu. Kama kuna vali ya kuzuia maji kurudi nyuma, yale maji ya ziada hayana pa kwenda, shinikizo linapanda, na vali ya usalama inaanza kudondosha. Dawa yake ni tangi dogo la upanuzi, lita 12 au 18. Wako mafundi ambao dawa yao ni kuziba vali ya usalama kwa plagi. Fundi akikufanyia hivyo mfukuze siku hiyohiyo, maana amekutegea bomu ukutani. Vali hiyo inafunguka kwenye shinikizo au joto lililoandikwa juu yake, bomba lake liende chini hadi sakafuni likiwa wazi, na uinue kishikio chake mara moja kila miezi sita kuhakikisha haijaganda.

Usiwashe mtambo kabla tangi halijajaa. Fungua bomba la moto hadi maji yatoke bila kukohoa, ndipo uwashe. Tangi tupu halina wa kupokea joto, shinikizo la gesi linaruka, mtambo unajizima na kuandika kosa, na ukirudia mara nyingi kompresa inaumia. Kwenye mitaa ya maji ya zamu, unganisha na swichi inayozima mtambo tangi la juu likikauka.

Umeme: laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 16 au 20 kulingana na elementi ya akiba, na kinga ya uvujaji ya miliampea 30. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, na aionyeshe. Mbele yake weka kinga ya volteji, kama ile ya friji lakini ya ampea kubwa. Umeme wetu ukikatika na kurudi mara tatu kwa dakika moja, kompresa inayojaribu kuwaka huku shinikizo halijasawazika inakwama na kuungua. Inahitaji kusubiri dakika tatu hadi tano. Mitambo mizuri inasubiri yenyewe. Usiamini, weka kinga.

Bomba la maji moto livae sponji yake yote, hata sehemu iliyo ndani ya ukuta. Bomba la PPR la milimita 25 linabeba karibu lita 0.2 kwa kila mita. Bafu likiwa mita 15 kutoka kwenye tangi, lita tatu za maji moto zinalala na kupoa humo kila mara unapofunga. Mtu anayefungua bomba mara 20 kwa siku kunawa mikono anamwaga lita 60. Kwa sinki la kunawia, maji baridi yanatosha.

Gesi zilizomo hutofautiana. R134a na R410A ni za zamani na zinachangia sana joto la dunia zikivuja. Marekebisho ya Kigali ya 2016 kwenye Itifaki ya Montreal yanazipunguza hatua kwa hatua, kwa hiyo ukinunua mtambo wa kukaa miaka 15 afadhali R32 au R290. R290 ni propani, safi kwa mazingira na inapasha hadi nyuzi 70, lakini inawaka. Isifungwe ndani ya kabati wala karibu na jiko.

Mtambo ukishafungwa, upime kabla ya kumaliza kulipa. Kipimo hiki hakidanganyi. Zima vitu vingine vyote vya nyumba. Tangi likiwa baridi, andika uniti zilizobaki kwenye mita. Washa pampu, elementi ya akiba ikiwa imezimwa kwenye menyu. Ikifika 55, soma mita tena. Kwa lita 200 zilizoanza nyuzi 20, uniti 2.5 hadi 3.2 ni vizuri. Zikifika 4 au 5, kuna kasoro: gesi pungufu, koili imezibwa, au hewa inazunguka palepale. Zikifika 8, aliyepasha maji ni elementi na kompresa ilikuwa ikiimba tu. Kasoro hii ya mwisho ndiyo tunayoikuta mara nyingi kwa watu wanaolalamika kwamba bili haikushuka: elementi iliachwa kwenye hali ya moja kwa moja, inawaka kila jioni, na hakuna aliyejua.

Kasoro nyingine zinakuja taratibu. Vumbi la ujenzi huziba koili. Ioshe kila miezi mitatu kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu, umeme ukiwa umezimwa. Ndani ya tangi kuna fimbo ya magnesiamu inayojitoa mhanga ili chuma kisiliwe na kutu. Maji ya mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni laini, na fimbo inaweza kukaa miaka miwili mitatu. Maji ya visima vya kuchimbwa mara nyingi huwa na chumvi. Ifungue kila mwaka, na ikibaki nyembamba kama kalamu ibadilishe. Fimbo ni bei ndogo, tangi lililotoboka halizibiki. Fundi akikwambia gesi imepungua anaongeza, mwambie asiongeze kitu kabla ya kupata tundu. Gesi hii haitumiki ikaisha, ikipungua imevuja. Azibe, ajaribu kwa nitrojeni, avute hewa yote kwa pampu, ndipo ajaze kwa mizani, gramu zile zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Na mara moja kwa wiki mtambo upandishe maji hadi nyuzi 60 kuua vijidudu vinavyopenda maji ya vuguvugu. Mitambo mingi ina ratiba hiyo ndani yake. Nyumba yenye watoto au wazee iweke vali ya kuchanganya ili bombani yasizidi 45.

Wenye majengo ya kupangisha, neno moja kwenu. Mfumo mmoja wa nyumba 24, lita 100 kila moja, unahitaji uniti 97 za joto kwa siku. Lakini bomba la mzunguko, lile linalozungusha maji moto jengo zima, likiwa la mita 100, hata likivikwa vizuri, linapoteza kama wati 10 kwa kila mita: uniti 24 kwa siku, robo nzima ya kazi. Bila sponji hasara inakuwa mara mbili au tatu. Wekeni pesa kwenye kuvika bomba kabla ya kununua mtambo mkubwa, na zimeni mzunguko kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi alfajiri.

Kuhusu kupasha vyumba Julai nitakuwa mfupi, kwa sababu baridi yetu ni ya wiki chache na nyumba zetu zina matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Kiyoyozi cha inveta kinachogeuka kutoa joto kitafanya kwa uniti 2.3 kazi ambayo hita ya mafuta ya kilowati 2 inafanya kwa uniti 8 katika saa nne za jioni. Kama ulitaka kiyoyozi kwa ajili ya joto la Februari, chagua hicho kinachogeuka. Kukinunua kwa baridi peke yake haina maana. Ziba nyufa za milango, weka pazia nzito. Na jiko la makaa lisilale chumbani, hata kama mlango una ufa.

Karatasi ya hesabu iko mezani pale kwenye mlango. Ina nafasi nne: lita kwa siku, nyuzi za maji yanayoingia, kifaa unachotumia sasa, bei ya uniti yako. Ijazeni mkituuliza maswali, tuanze na mama aliyeinua mkono muda mrefu hapo kando ya dirisha.